Samaki Watatu kwa Kila Mtu

Jumapili hiyo samaki walikufa tena, na mtu aliyeshtakiwa kwa kuwaua alikuwa kasho, mahabusu ya polisi, tangu Jumatano.

Inspekta Kavuo Solange alisimama ukingoni mwa bwawa la Kihambiro, viatu vyake vya misa vimezama topeni, akajaribu kulipatanisha jambo hilo na akili yake. Halikupatana. Ukungu ulikuwa bado umelalia mikaratusi ya vilima vya Butembo. Kando ya matete, tilapia walielea matumbo juu, wengi kuliko wa Jumapili iliyopita. Chini ya ukuta wa bwawa, pale maji yanapotokea kwenye bomba, akina mama wa mtaa walikuwa wamezitua bidoni zao za njano chini na hakuna aliyekuwa akiteka.

"Ézéchiel iko mu cachot na samaki zinakufa," alisema mmoja wao kwa sauti ya kusikika. "Donc iko na mwenzake."

"Bibi yake Hulda iko ku nyumba," akajibu mwingine. "Twende tumuulize."

Vijana wawili waliokuwa wameegemea pikipiki zao waliinua vichwa. Kavuo aliujua mji huu. Alijua kundi likienda "kumuuliza" mtu, mara nyingi hubeba petroli.

"Hulda, ni miye nitamuuliza," alisema, akawatazama vijana wale mpaka wakashusha macho. "Mutu mwingine akifika pale, nitajua alitoka hapa. Nimeona sura zenu."

Alisogea pembeni akampigia simu mkuu wake, Komanda Sikuli.

"Mon commandant, samaki zimekufa tena. Ézéchiel alilala kwenu usiku zote hizi."

"Basi iko na complice."

"Au hakuua."

"Kavuo, tulipata bidoni ya sumu mu nyumba yake. Papa Syauswa amemushitaki, ameweka plainte, quartier mzima inapiga kelele. Jumatano dossier inaenda parquet. Uniletee complice, ao uniletee kitu ingine. Lakini uniletee kitu."

Simu ikakatika. Siku tatu, kisha faili ingekuwa mikononi mwa mwendesha mashtaka. Kavuo akavua viatu, akakunja sketi, akaingia majini.

Bwawa lilichimbwa zamani na wenye shamba la kahawa, na shamba lilipokufa likabaki kuwa la vyura. Kisha wafanyabiashara wa Butembo na wa Beni wakaunda chama, Marafiki wa Ndoano, wakalisafisha, wakatia mbegu ya tilapia, wakajenga uzio na mlango mmoja, wakamwajiri Ézéchiel awe mlinzi. Hawakuvua kwa njaa. Walikuja Jumamosi na kofia zao na viti vya kukunja, kutafuta utulivu ambao barabara za huku haziwapi. Lakini hata utulivu unahitaji sheria, na sheria ndiyo iliyowagombanisha. Papa Syauswa, rais wa chama, alitaka bwawa lifunguliwe miezi sita, kila mtu atoke na samaki watatu tu kwa siku. Hadji Lukumani wa Beni alitaka mwezi mmoja tu, kila mtu avue awezavyo, kisha maji yapumzike mwaka mzima. Walibishana tangu Noeli. Mwishowe komite ikakata katikati: mwezi mmoja wa Hadji, samaki watatu wa Syauswa. Juu yake wakaongeza kombe, la yule ambaye samaki wake watatu watapita wa wengine kwa uzito.

Jumamosi ya kwanza walivua. Jumapili yake samaki wakaelea. Syauswa alisema Hadji amemhonga mlinzi aweke sumu ili sezoni ifungwe. Hadji alisema Syauswa amemhonga mlinzi huyohuyo ili aonekane alikuwa na haki. Waliafikiana jambo moja tu, kwamba ni mlinzi, na mlinzi alipofungwa wakarudi kuvua Jumamosi ya pili.

Kavuo aliwaokota samaki mmoja mmoja akawapanga kwenye nyasi. Kwanza aliona ukubwa. Wote walikuwa wa kiganja, wengine wakizidi kidogo. Hakukuwa na mkubwa hata mmoja, ingawa wakubwa walikuwamo, kwa kuwa aliona migongo yao ikipasua maji katikati ya bwawa. Akainua jiwe. Kaa akakimbia, mzima. Chini ya matete viluwiluwi walijaa kama pilipili manga iliyomwagwa. Bata wa jirani walikuwa wakidonoa samaki waliokufa, na kwa jinsi walivyonenepa, hawakuanza leo.

"Sumu gani hii," alijisemea, "inayomwacha kaa, inamwacha chura, inamwacha bata, halafu inampima samaki kabla ya kumuua?"

Alijaribu kufurahi. Hakuweza. Alikuwa amejua ni kitu gani hakikutokea, na Komanda hapokei kitu kama hicho.

*

Jumatatu asubuhi alimtoa Ézéchiel kasho wakakaa kwenye benchi la ua. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mpana, mwenye hasira zilizochoka. Alinuka mkojo wa chumba alimolala na aliliona hilo likimfikia Kavuo, akasogea mwisho wa benchi.

"Ile bidoni, ya nini?"

"Ya shu, Mama Inspecteur. Niko na shamba ya shu, kabichi, nyuma ya nyumba. Wadudu wanamaliza yote. Nilisema hivyo siku ya kwanza. Juu ya nini munaniuliza kila siku?"

"Juu kila siku wananiuliza miye. Jumamosi unafanya kazi gani?"

"Niko ku mulango tangu asubui. Mutu akitoka, ninahesabu. Tatu, anapita. Ine, ninatosha moya, ninaitoa."

"Na kule ku mayi?"

"Hapana kazi yangu. Président mwenyewe alisema: weye, macho yako ku mulango. Hata kiti ya kukalia kule sina."

"Jumamosi ya kwanza, nani alitoka wa mwisho?"

Ézéchiel alifikiri. "Jeep ya Hadji Lukumani. Wote walienda, yeye akabakia peke yake mpaka jua inaingia. Hiyo pia nilisema. Hakuna mutu aliandika."

Kavuo aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amepoteza siku nne akipekua shamba la kabichi.

"Mama," Ézéchiel alisema alipoinuka. "Hulda iko muzima?"

"Nimemupeleka kwa masista pamoja na batoto. Iko muzima."

"Wasingya." Alilisema polepole, neno la shukrani la nyumbani, na macho yake hayakumwangalia.

*

Barabara ya Beni ilimla nusu ya siku. Kizuizi hiki askari wanataka kitambulisho, kile wanataka kujua anakwenda wapi, cha tatu wanataka kujua kwa nini hakusema vilevile kwenye cha pili. Alipofika Mulekera, mtaa wa Beni, vumbi lilikuwa limemkausha midomo. Hadji Lukumani alimpokea uani kwake, katikati ya malori mawili yaliyofunguliwa injini. Alikuwa mzee mchangamfu, kanzu yake safi kana kwamba grisi ya ua ule inamheshimu.

"Karibu, dada yangu. Kaa. Umekuya kunifunga?"

"Nimekuya kuuliza. Jumamosi ile ya kwanza ulibakia ku bwawa peke yako. Ulibakia kufanya nini?"

"Kungoyea mécanicien. Batterie ilikufa. Issaka!"

Fundi mmoja mfupi mwenye ovaroli alitoka chini ya lori. Ndiyo, aliitwa na Hadji. Ndiyo, alitoka Butembo mjini na betri nyingine, na yule dereva wa pikipiki aliyempakia anaitwa fulani, na anakaa mahali fulani. Kavuo alimpigia dereva huyo hapohapo. Alithibitisha kila kitu, hata mahali waliponyeshewa.

Basi. Njia nzima ile, vizuizi vyote vile, kwa ajili ya betri. Kavuo aliiweka simu mapajani akatazama injini zilizofunguliwa. Alitamani kupiga kitu teke.

Hadji alimhurumia. Aliagiza chai, akaanza kusema, kama watu wanavyosema na mtu aliyeshindwa.

"Miye niliwaambia. Mwezi moya, kila mutu alobe anavyoweza, kisha tunafunga. Syauswa hapana. Yeye anataka sezoni ndefu, samaki tatu tatu, ati njo kulinda. Sasa angalia komite. Wamechukua fupi yangu na kidogo yake. Wote tunafika siku moya, tunakaa bega kwa bega, na kila mutu anataka tatu ya kombe. Lakini tuache hiyo. Uone zangu."

Alimpa simu yake. Kwenye picha, tilapia watatu walikuwa wamelala katika beseni la plastiki, wapana kama sahani za pilau.

"Kubwa sana," Kavuo alisema kwa adabu.

"Hizi nilizichagua muzuri."

Kavuo alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani.

"Ulizichagua?"

"Ndiyo."

"Mu nini? Kuchagua ni mu bintu mingi."

Hadji alicheka. "Dada yangu, weye hapana mulobaji. Samaki kubwa haikuye ku mara ya kwanza. Unapata ndogo, unaweka mu beseni. Ingine inakuya, inazidi kidogo, unaweka hii, unatosha ile. Hivyo hivyo mpaka magaribi. Ku mulango uko na tatu. Sheria imeheshimiwa."

"Na ile unatosha?"

"Inarudi mu mayi."

"Ikiwa hai?"

 Hadji alichukua simu yake, akaitazama tena ile picha, na safari hii hakutabasamu.

"Sikuangaliaka," alisema.

*

Usiku huo hakulala vizuri, na Jumanne mapema alirudi bwawani akachukua samaki wa mwisho ambao bata hawajawamaliza. Aliwapasua kwa kisu cha mfukoni, mmoja baada ya mwingine. Midomo ilikuwa imechanika. Sita kati ya hao walikuwa wamechanika mpaka kooni, pale ndoano ilipomezwa na mtu akaivuta kwa nguvu kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumpata mwingine. Magamba ya ubavuni yalikuwa yamekwanguka kama ya samaki aliyejigonga siku nzima kwenye plastiki. Jumapili alikuwa ameangalia ukubwa tu. Hakufungua hata mdomo mmoja. Alijitukana kwa Kinande. Kisha akamfunga mmoja katika jani la mgomba akashuka mjini.

Duka la vyuma la Papa Syauswa lilikuwa katikati ya Butembo, mabati nje, misumari ndani. Mwenyewe alikuwa nyuma ya mizani akimpimia mteja. Mtu mrefu, mkimya, mwenye suti ya kijivu hata siku za kazi. Kavuo alingoja mpaka mteja akatoka.

"Papa Syauswa, Jumamosi ulirudi na samaki ngapi?"

"Tatu. Ile siku mulango ilikuwa na mutu wangu wa duka. Mumuulize."

"Ulitosha ngapi mu mayi?"

"Nimesema tatu."

"Hapana, Papa. Tatu ni ile ulibeba. Ninauliza yote ile ulitosha, ile ulivuta kutoka mu mayi."

Syauswa alianza kupanga mawe ya mizani, kubwa kwa ndogo.

"Zingine nilirudisha. Ni sawa kurudisha. Njo kulinda yenyewe."

"Ulirudisha saa ile ile ulipata?"

"Nilipopata ile inazidi."

"Mpaka pale ilikuwa wapi?"

"Mu beseni."

"Ku jua."

"Mu mayi, mu beseni."

"Mayi yenye kubadilishwa?"

Kavuo aliweka jani la mgomba juu ya meza, akalifungua. Harufu ilipanda kati yao. Kwa ncha ya kalamu alifungua mdomo wa samaki, ukafunguka mpaka mahali usipopaswa.

"Sumu haina ndoano, Papa. Ézéchiel alikuwa ndani wakati hawa wanakufa. Hadji alibakia kule kungoyea batterie tu. Muko wanachama makumi ine, na kila mumoja alikuwa akichagua tangu asubui mpaka magaribi. Ku mulango munahesabu tatu. Mu mayi hakuna mutu anahesabu."

Papa Syauswa alimwinamia samaki. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa mkono hadharani, lakini si wa mtu aliyetubu.

"Kuna article gani ya sheria inasema hivyo ni kosa?"

Hilo ndilo swali Kavuo alilokuwa akiliogopa njia nzima. Alikuwa amelitafuta jibu kichwani, katika kila alichofundishwa na kila alichokiona tangu aanze kazi hii.

"Hakuna," alisema.

"Basi hakuna kosa."

"Kuna mutu mu cachot kwa kosa ambayo haiko. Ni weye ulimupeleka. Utamutosha weye. Leo. Kisha utaenda pale ku bomba uambie wale bamama kama hakuna sumu, na kama samaki waliuawa na ninyi."

"Plainte nitaondoa. Mayi, nitasema ni safi." Alilifunika jani taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Ile ingine, Mama Inspecteur, hapana. Unataka nisimame mbele ya quartier niseme wakubwa wa mji huu walimaliza bwawa yao wenyewe kwa mchezo? Na kuna wale watasema kama tulimusingizia Ézéchiel."

"Mulimusingizia."

"Hatukujua!"

"Njo ile ninataka useme. Kama hamukujua."

Hakusema. Mchana alisimama juu ya bomba na suti yake ya kijivu, akatangaza kwamba uchunguzi umeonyesha maji hayana shida, na samaki "walipata tabu ya kawaida". Akapiga ishara ya msalaba, akanywa kikombe kizima mbele ya watu. Bidoni zikaanza kujaa. Kavuo alipofungua kinywa kuongeza maneno yake, akina mama walikuwa tayari wanagombania foleni, na hakuna aliyekuwa na haja tena na habari za samaki. Alisema hata hivyo. Alisema Ézéchiel hakutia kitu chochote majini. Mmoja wa wale vijana wa pikipiki akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba mlinzi lazima ana ndugu polisi.

*

Ézéchiel alitoka kasho saa za jioni. Alipewa mkanda wake na kamba za viatu, akavifunga akiwa amekaa kizingitini.

"Président alisema ni miye hapana?"

"Alisema mayi ni safi."

"Hiyo hapana nilichouliza."

"Ninajua," Kavuo alisema. "Miye nilisema. Kwa sauti kubwa."

"Na waliamini?"

Angeweza kumdanganya. Mtu alikuwa amelala chini siku nyingi na njia ya kwenda kwa masista ilikuwa bado ndefu.

"Wamoja," alisema. "Hapana wengi."

Ézéchiel alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. "Wanataka nirudie kazi. Mutu wa duka alikuya kuniambia pa dirisha. Nilimujibu watafute mwingine wa kusimama ku mulango. Tutaenda kwa ndugu ya Hulda, kule Manguredjipa. Shu inakua kule pia." Alimpa Kavuo mkono, mkavu na mzito, akaondoka akitembea katikati ya barabara, mahali ambapo kila mtu angemwona.

Simu ya Papa Syauswa ilimkuta Kavuo bado amesimama pale. Sauti ya rais ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi.

"Mama Inspecteur, usiseme hatusikie. Komite imekaa. Hadji mwenyewe alipanda kutoka Beni. Mara ya kwanza tumekubaliana wote. Samaki ilikuwa inakufa mingi, donc tumekaza sheria. Sezoni tumekata: pa Jumamosi tatu zenye zilibakia, sasa ni mbili. Na hapana tatu tena. Ni moya. Moya kwa kila mutu!"

Kavuo alifumba macho.

"Na kombe?"

"Kombe iko. Ya samaki moya kubwa kupita zote."

"Papa, nisikilize. Ukiwa na tatu, unatupa ile inazidiwa na tatu. Ukiwa na moya, unatupa zote. Na siku zikiwa mbili, hakuna mutu atakosa kukuya. Mungefanya hivi: kila samaki inayotoka mu mayi ihesabiwe, kubwa ao ndogo. Ya kwanza tatu, mutu anakunja kiti anarudi kwake. Hapo mungeweza hata kufungua miezi yako sita."

Makofi yalikuwa yamekwisha.

"Ya kwanza tatu?" Syauswa aliuliza. "Hata kama ni ndogo?"

"Hata kama ni ndogo."

"Lakini Mama," alisema kwa upole wa kweli, kama anayemweleza mtoto, "hapo mutu ataloba nini?"

Rais alimtakia usiku mwema, akakata.

Komanda Sikuli alitoka ofisini na funguo mkononi, koti begani, anakwenda nyumbani. Alimkuta ofisa wake ameegemea ukuta wa kasho tupu.

"Plainte imetolewa, mutu ametoka, quartier imetulia," alisema. "Kazi muzuri. Tufunge dossier?"

"Hapana, mon commandant. Watatuita tena Jumapili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka samaki ziishe," Kavuo alisema, akaingia ndani kutafuta viatu vya mpira.